Walinibadilishia pampu ya asthma ya mtoto, wakasema "ni ile ile tu"

Wakuu, hamjambo.

Kuna swali lililoninyima usingizi karibu mwezi mzima: dawa ninayompa mtoto wangu asubuhi na jioni ni dawa kweli, au nampulizia hewa tu? Naandika yote kama yalivyotokea, pamoja na sehemu zinazoniaibisha, kwa sababu bado nina hasira na sijui niipeleke wapi.

Nina miaka ishirini na sita, nimemaliza chuo, nafanya kazi ya kontrakti ofisini hapa Kisumu. Naishi Migosi na mama yangu na binti yangu Awino, wa miaka minne. Awino ana asthma. Ana pampu mbili: ya bluu ya kufungua kifua akibanwa, na ya kahawia ya kuzuia, anayotumia kila siku hata akiwa mzima.

Wenye watoto mnajua pampu haiwekwi mdomoni moja kwa moja. Inapitia kwenye chemba, chombo cha kushika dawa mtoto aivute polepole. Ile ya dukani hatujawahi kuwa nayo. Nurse wa kliniki alichukua chupa ya soda ya nusu lita, akatoboa kitako chake kwa waya wa moto, akahakikisha mdomo wa pampu unaingia na kukaza. Mtoto anavuta dawa kwenye shingo ya chupa.

Kabla hamjacheka, hata hospitalini wanaitumia. Ilitufaa mwaka mzima.

Sasa ya kahawia ikaisha. Nikapitia chemist ninayonunua siku zote pale Kondele, jioni, watu wamejaa. Mhudumu akaniwekea boksi kwenye mfuko. Nafika nyumbani naona jina lingine, kampuni nyingine, pampu ya rangi ya maziwa. Nikapiga simu. Akasema ile ya kawaida imeadimika, hii ni generic, ni ile ile tu.

Hakuniuliza kabla. Nisingepiga simu, angenyamaza kabisa.

Hapo kichwa changu kikaanza kazi yake. Nilisoma kuhusu generic mpaka macho yakauma. Nikalinganisha karatasi mbili za maelezo mstari kwa mstari: dawa ile ile, kipimo kile kile. Nikatulia.

Siku ya nne Awino akaanza kukohoa. Nikaacha kutulia. Nikatengeneza jedwali la kikohozi kwenye laptop, saa na idadi. Ndiyo, jedwali. Kama ni ujinga, ni wangu.

Wiki ya tatu mwalimu wake wa nursery akanipigia simu mchana. Nilimkuta Awino mapajani mwa mwalimu, mabega yanapanda na kushuka, hawezi kumaliza neno moja. Ya bluu walikuwa wamempa, ikamsaidia kidogo tu. Hospitali walimweka kwenye mashine ya mvuke, akafunguka jioni. Asante Mungu.

Asubuhi yake nikarudi kwa yule mhudumu. Nikamuuliza mbele ya wateja kwa nini alimpa mtoto wangu dawa feki.

Hakushtuka hata kidogo. "Madam, dawa ni ile ile. Si wewe ni msomi? Soma boksi."

Watu wakacheka. Mama mmoja kwenye foleni akaongeza kwamba wasichana wa digrii wanajua kila kitu isipokuwa kulea. Nikatoka.

Nilipofika nyumbani nikamwambia mama kwamba hiyo pampu naitupa, Awino akae bila pampu ya kuzuia mpaka ile ya zamani ipatikane. Mama ndiye humpa dawa, asubuhi na jioni. Alikuwa anachambua omena kwenye sinia, wala hakuinua kichwa.

"Nyathina, mwanangu, si nilikuambia inavuja?"

Nikamuuliza ni nini kinavuja.

Akafuta mikono, akachukua chupa, akachomeka pampu mpya kitakoni, akabonyeza. Ukungu ukatoka pembeni, nje ya chupa. Mdomo wa pampu mpya ni mwembamba kuliko wa ile ya zamani, unacheza kwenye tundu. Wiki zote tatu mama alikuwa anaziba pengo kwa kidole gumba, na kidole kinalowa.

Aliniambia wiki ya kwanza. Nilimjibu kwamba nitaangalia. Nilikuwa na laptop magotini, nasoma kuhusu generic.

"Hayo unayosoma," akasema, "hayakutaja chupa?"

Hayakutaja.

Kwa hiyo yule mhudumu alikuwa sahihi, na hilo ndilo linanichoma zaidi. Dawa ni ile ile. Lakini mtu anayeuza pampu za watoto Kondele anajua nyumba nyingi zinatumia chupa, na tundu la chupa hukatwa kwa pampu moja. Swali moja tu, "mnatumia chupa?", lingemwokoa Awino na ile siku. Daktari aliyemtibu hospitalini naye aliuliza kuhusu vumbi, moshi, hata paka. Hakuomba kuona chupa. Na mimi nimeishi nayo mwaka mzima, nikachunguza kila kitu isipokuwa hiyo.

Siku hiyo hiyo tulienda kliniki sote watatu. Nurse akakata chupa mpya akiwa ameshika pampu mpya mkononi. Tukapuliza mbele yake, hakikutoka kitu pembeni. Chupa ya zamani tumeiacha kwa ajili ya pampu ya bluu, ambayo bado inakaza humo. Kila chupa nimeiandikia kwa marker.

Nilichojifunza: mkibadilishiwa pampu, msiishie kwenye jina la dawa. Angalieni inavyoingia. Na anayempa mtoto dawa kila siku akisema kuna kasoro, acheni mnachofanya mwende mkaone.

Wenye watoto wa asthma, mmewahi kubadilishiwa hivi? Mlifanyaje? Na kama kuna mhudumu wa chemist humu, nataka sana kusikia utetezi wako.

Mimi nimeshaamua. Awino anabaki kwenye generic, lakini nimehama chemist. Jana nilinunua nyingine. Nikafungua boksi pale pale kaunta, nikatoa chupa kwenye mkoba, nikachomeka pampu na kubonyeza, foleni nyuma yangu ikinung'unika. Ilikaza. Ndipo nikalipa.