Chapati Nyekundu ya Serikali

Enzi zetu, kijana wa leo asiyefika dukani bila simu kumwelekeza angepotea mchana kweupe. Sisi wa mtaa wa Jamhuri tulikuwa na chapati. Ilikuwa ukutani mwa jengo moja la serikali katikati ya jiji: duara kubwa jekundu lililoanzia usawa wa ngazi, kando yake pembetatu nyeupe, basi. Hakuna simba, hakuna ngao. Mama alisema ni sanaa. Shosho, mama yake, aliyetoka Kinoo kutuchukua kila likizo ya Agosti, aliitazama akauliza, "Sasa hiyo chapati na sambusa, ni nani amesahau hapa?" Tangu siku hiyo tukawa tunakutana "kwa chapati".

Likizo moja tulishuka mjini na Mama, mimi na dada yangu mdogo, viatu vinang'aa, roho tayari iko Kinoo kwenye mahindi ya kuchoma na maziwa ya moto. Tukaitafuta chapati. Haikuwepo! Majengo yote ya mtaa ule yalikuwa ya kijivu, yamefanana kama mapacha. Tukapita, tukarudi, tukajikuta River Road kati ya maduka ya mabati na misumari. Shosho hakuwa na simu, na Mama alingojewa kazini.

"Tukimkosa, mnarudi nyumbani," akasema. Nikaangua kilio pale pale barabarani.

Tulijaribu mara ya mwisho. Mbele ya jengo lililofunikwa turubai la kijivu la mafundi wa rangi, tukaona watu wamejaa na mabegi yao, kila mmoja akimtafuta wake. Kumbe hata wengine walikuwa wakikutana kwa chapati! Katikati yao alisimama Shosho, ameshika pembe ya turubai, ameifunua hadi wekundu ukaonekana, huku askari wa mlangoni akimbembeleza.

"Shosho, wachana na hiyo kitu, tafadhali."

"Siwachi. Watoto wangu watajuaje ni hapa?"

Nilimrukia kwa furaha hadi kitambaa chake cha kichwa kikaanguka.

Siku hizi binti yangu hunitumia lokesheni, kisha namwona akizunguka jengo zima huku simu ikimwambia ameshafika. Namcheka sana. Shosho alishatutoka. Duara bado lipo, limepauka kidogo. Nikipita hapo namkumbuka mpaka moyo unauma, na macho yangu hushuka yenyewe pale chini ilipokuwa ile pembe ya turubai, kuangalia kama kuna mtu ameishika.