Keki ya Moto wa Juu

Nilionja keki mara ya kwanza nyumbani Samuye, kabla sijaanza shule. Baba alikuwa amepeleka ng'ombe mnadani, na aliporudi alitoa kwenye mfuko wa koti keki moja ya kikombe iliyofungwa kwa gazeti. Alikuwa ameipata mjini, kwenye duka la Mhindi. Tulikuwa watoto sita. Mama aliikata, kila mmoja akapata kipande kisichozidi kidole gumba. Wenzangu walitafuna wakamaliza. Mimi nilikiweka changu juu ya ulimi, nikafunga mdomo, kikayeyuka chenyewe. Nilimuuliza mama kitu kama hiki kinapikwaje. Akasema hajui, labda kwa mashine.

Nikakua nikiamini hivyo. Hata kwenye chuo cha ualimu, ambako wenzangu walinitania kwa kupenda keki kuliko nyama, sikuwahi kumwona mtu akiipika.

Nikapangiwa kufundisha Rwamgasa. Nilipanga chumba kwa mama mmoja ambaye mume wake alikuwa mchimbaji mdogo wa dhahabu. Jumamosi ya kwanza nilitoka nje nikamkuta amechuchumaa mbele ya jiko la mkaa. Juu ya jiko palikuwa na sufuria kubwa yenye mchanga, ndani ya mchanga sufuria ndogo, na juu ya mfuniko makaa mekundu.

"Shikamoo mama. Mbona moto uko juu?"

"Marahaba mwalimu. Ni keki hiyo. Moto wa chini unaiamsha, wa juu unaipaka rangi."

Nilikaa hapo hapo. Alipofunua, uji mzito aliokuwa ameumimina ulikuwa umejaa hadi ukingoni, rangi ya asali, umepasuka kidogo katikati. Mchanga, makaa na sufuria iliyobonyea; kumbe mashine yenyewe ndiyo hii.

Tangu hapo kila Jumamosi nilikuwa naye. Nilisaga sukari na siagi kwa mwiko mpaka mkono ukafa ganzi, lakini moto hakuniachia kamwe. Alisema moto una mkono wake.

Jumamosi moja asubuhi, keki ikiwa ndiyo kwanza imewekwa, jirani alikuja mbio. Duara, shimo la dhahabu alimokuwa mume wa mama mwenye nyumba, limeporomoka. Watu watatu wako chini.

Yule mama alisimama, akajifunga khanga kiunoni. Kisha akaniangalia.

"Mwalimu, kaa na keki."

"Mama, acha keki, twende wote."

"Kaa nayo. Akitoka atakuwa na njaa."

Akaondoka. Niliona haya kubaki na sufuria wakati mtaa mzima unakimbilia machimboni. Lakini alikuwa amenipa kazi, na alikuwa amesema akitoka, hakusema kama atatoka. Nikachuchumaa. Nilipunguza makaa ya chini, nikaongeza ya juu, nikaogopa, nikayapunguza tena. Niliomba Mungu, na kwa kweli sikujua kama naombea watu au keki. Harufu ya vanila ilipofika mlangoni nilifunua. Upande mmoja ulikuwa umeungua, lakini ilikuwa imepanda. Niliifunika kwa kitambaa, kisha nikakaa kwenye kizingiti kusubiri, kwa sababu niliogopa kwenda kusikiliza habari.

Walirudi alasiri, kundi zima. Yule baba alikuwa katikati, ameshikwa mabega huku na huku, mweupe kwa vumbi mpaka kope. Wote watatu walikuwa wametolewa wazima. Walimketisha kwenye mkeka, akanywa maji, akatapika, akanywa tena. Mke wake alimfuta uso kwa pembe ya khanga. Baadaye yule baba akanyanyua kichwa.

"Kuna keki?"

"Ipo. Kapika mwalimu," mke wake akajibu.

Nilimkatia upande mzuri. Akaomba na ule ulioungua. Wachimbaji waliomleta, wanaume wakubwa ambao sauti zao nilizoea kuzisikia mtaa wa pili, walipokea vipande vyao kwa mikono miwili, wakala wamesimama, wakiokota makombo kiganjani. Yule baba alikula taratibu, machozi yakichora mistari kwenye vumbi la mashavu.

"Kule chini nilikuwa nasikia harufu ya udongo tu," alisema. "Nilidhani nimeshasahau nyingine."

Hakushuka duarani tena. Mwaka uliofuata walihamia kwao Kahama, na mpaka leo wanapika keki za harusi, yule baba akishughulika na moto.

Mimi nilihamishiwa Shinyanga mjini. Nina oveni ya umeme yenye mlango wa kioo na taa ndani. Wanangu wanajua kwamba keki ikiwa humo hawatanipata kwa lolote. Navuta kigoda, nakaa mbele ya kile kioo, natazama ikiamka.