Kutafuta Dawa ya Kiangazi kwa Alizeti za Mama

Niliondoka Ngoliba kwa sababu Mama alikuwa ameshazihukumu alizeti zetu. Zilikuwa zimefika magotini mvua ikakata, naye akasema Jumamosi atafungulia ng'ombe wazile. Mimi ndiye niliyemshawishi aache mahindi apande alizeti, kwa hivyo zikienda, msimu umekwenda na lawama ni zangu. Hapo nikasikia kwamba Tata Nyambura, mdogo wake Mama aliyeolewa Murera, ana dawa ya kuzisaidia alizeti kuvumilia kiangazi. Alhamisi alfajiri nikafunga safari.

Thika nilinywa chai na ndazi, nikashika gari la Ruiru. Kutoka Ruiru nikapanda boda hadi Murera, ambako ploti za kupangisha zinaota kwa kasi kuliko maharagwe. Kati ya maghorofa mawili mapya nikaliona shamba la Tata. Ilikuwa saa sita, jua kali, maharagwe ya jirani yamelala chini, lakini alizeti za Tata zilikuwa zimesimama wima. Nilifurahi hadi nikasahau kumlipa mtu wa boda, akanipigia honi.

Tata alinionyesha unga mweupe unaoitwa salisiliki, ndugu wa ile dawa tunayomeza kichwa kikiuma. Nilimuuliza kama alizeti za Murera huumwa vichwa kwa kelele za mjengo. Alicheka, kisha akanikazia macho.

"Hii si maji, Njoki, usidanganye mama yako. Inaambia mmea ufunge mlango mapema, hiyo maji kidogo iko ndani isipotee."

Inachanganywa kidogo sana, akasema, na kunyunyizwa jioni kabla mimea haijachoka. Ukizidisha, majani yanaungua. Kisha akanipeleka pembeni, kwenye mstari mmoja uliojikunja na kupinda shingo. Huo aliunyunyizia dawa hiyohiyo, ila kwa pampu ya kuazima iliyokuwa imetoka kuua magugu kwenye mahindi. Mahindi hayajali mabaki ya ile sumu ya magugu. Alizeti hufa nayo.

Ijumaa nilirudi kupitia Thika, nikanunua unga wangu agroveti, duka la dawa za shamba, nikapewa na maelezo ya kipimo, nikaanza kuhesabu vituo kwa hamu. Nyumbani nilimkuta Mama ananisubiri, na kando yake pampu ya jirani yetu Mama Kamau, imeshajazwa maji. Kwetu pampu ni moja, inazunguka boma kwa boma, na kila boma lina mahindi yake. Nilipokataa kuigusa Mama alikasirika.

"Mtu amenipatia kitu yake na roho safi, nimrudishie nikimwambia nini?"

Nilimwambia aseme Njoki ameringa. Nikatafuta chupa ya soda, nikatoboa kifuniko kwa sindano, nikanyunyizia mstari mmoja baada ya mwingine hadi mgongo ukagoma. Giza liliniacha na mistari minne bila dawa. Kwa shingo upande Mama akaongezea alizeti juma moja.

Juma hilo jua halikutuhurumia. Mchana mmoja Mama aliniita shambani, nikaenda mbio. Mistari minne ilikuwa imelaza majani. Mingine yote ilikuwa imesimama.

Mavuno bado, na dawa si mvua. Lakini nimejifunza kuuliza pampu imetoka wapi kabla sijasifu dawa. Mama aliingia ndani, na jioni nilimkuta kwenye ile mistari minne, ameinama, chupa ya soda mkononi.