Ng'ombe Ambao Sikuwahi Kuchunga

Ninaikumbuka Jumamosi moja, mwanangu, na ningetoa chochote niisahau. Nilikuwa na miaka thelathini na mitano, nina kazi mbili za kutunza wazee hapa Saint Paul, Marekani, na nina mtoto mmoja wa kike, Makena, aliyekuwa ametimiza miaka kumi. Mtoto huyo aliniamini kuliko mtu yeyote duniani. Naanzia hapo kwa sababu hicho ndicho nilichokipoteza.

Unatujua sisi wazazi wa huku. Mtoto akilalamika kwamba gari halijapata joto, tunamwambia sisi tulitembea. Akiacha chakula, tunamwambia sisi tulilala njaa. Mimi nilipita mipaka. Nilimwambia Makena kwamba nikiwa na umri wake nilichunga ng'ombe arobaini, nikalala porini peke yangu, nikawasha moto kwa vijiti viwili na kunywa maji ya mto kwa viganja. Kila mwaka niliongeza chumvi. Mwishowe hata chui akatokea. Mtoto anakodoa macho, anataka kujua chui alifanya nini, na mimi, badala ya kuona haya, namwambia.

Ukweli ni kwamba nililelewa Nakuru mjini. Baba alikuwa karani wa benki. Tulikuwa na jiko la stima na friji, na mama alichemsha maji ya mfereji wa jikoni kabla hatujayagusa. Ng'ombe niliwaona Krismasi tulipokwenda kijijini kwa nyanya, na niliwaogopa. Mke wangu aliyajua hayo yote. Alinisikia nikipiga domo akanyamaza, maana hakutaka kuniumbua mbele ya mtoto.

Basi Makena akaanza kunisumbua nimpeleke porini nikamfundishe. Nikatafuta visingizio hadi vikaniishia. Mwenzangu mmoja kazini akaniambia kuna mama mzee mwenye kishamba cha ekari kumi, mwendo wa saa moja na nusu kaskazini mwa Minneapolis, anayekodisha kona ya msitu wake kwa wanaotaka kupiga kambi. Masharti yake yalikuwa mafupi: hakuna stima, hakuna mfereji, hakuna choo. Unakuja na kila kitu chako na unaondoka na kila kitu chako, hata takataka. Mwenzangu akanitajia vitu vya kubeba, jiko dogo la gesi, kuni kavu, turubai, maji ya siku mbili. Nilimcheka. Mimi, Mwafrika, nibebe maji kwenda porini?

Asubuhi ya safari mke wangu alinitazama nikipakia hema, blanketi, sufuria, unga na nyama. Maji yalikuwa chupa mbili tu.

"Baba Makena," akasema, "beba mtungi wa maji, tafadhali."

Nikamwambia asinifundishe kazi. Ningebeba mtungi ule, mwanangu, leo nisingekuwa na hadithi ya kukusimulia.

Mwenye shamba, mama wa Kizungu wa kama miaka sabini, alituonyesha mahali petu na nyumba yake pale juu, akasema tukikwama tugonge mlango. Nikamshukuru kwa dharau kidogo. Hema lilianguka mara mbili, na Makena akacheka sana akidhani namchekesha. Kisha nikachukua vijiti viwili. Nilisugua hadi viganja vikachubuka. Nikatoa kibiriti, nikamwambia tuna haraka leo. Lakini mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima, na kuni nilizookota zilitoa moshi tu. Tulikaa tunakohoa, nyama mbichi iko kwenye sufuria, mtoto anasubiri kwa heshima zote. Ile heshima yake ilinichoma kuliko moshi.

Saa nane mchana mvua ikarudi, na chupa zetu zote mbili zilikuwa tupu. Hapo ndipo yule mama akaja na trekta yake ndogo, ameleta kuni kavu na mtungi wa maji. Nadhani aliuona moshi wetu akajua. Makena alisimama kwenda kupokea. Nikamzuia.

"Asante," nikamwambia yule mama, "tunajitosheleza."

Hakunitazama mimi. Alimtazama mtoto, aliyekuwa amelowa nywele, kisha akaniuliza kama nina uhakika. Nikasema ninao. Akageuza trekta akaenda zake na maji yake.

Haikupita nusu saa, Makena akasema ana kiu. Nilichukua kikombe nikachota maji kwenye kibwawa kilichokuwa nyuma ya hema. Yalionekana safi. Alikichungulia kikombe.

"Uko sure, Daddy?"

"Mimi nimekunywa maji kama haya utoto wangu wote. Unaniona nimekufa?"

Akanywa. Akaomba kikombe cha pili akanywa, akapangusa mdomo kwa mkono, akanitabasamia, akitaka nione kwamba naye ni jasiri kama babake. Mimi mwenyewe sikunywa hata tone. Hakugundua, na hilo sijawahi kumwambia mtu yeyote hadi leo ninapokwambia wewe. Niliogopa maji yale. Niliyaogopa, na bado nikampa mtoto wangu.

Jioni tulirudi nyumbani, nikasingizia mvua. Siku ya tatu tumbo likamshika Makena, akatapika, akaharisha, akaishiwa nguvu hata za kusimama. Tulimkimbiza hospitali. Akatundikiwa dripu, na mkono wake ulionekana mdogo sana pale kitandani. Daktari akauliza alikunywa nini. Mimi nikaanza kutafuta maneno, lakini Makena akaniwahi. Alimweleza daktari kwa Kiingereza, kwa sauti dhaifu lakini ya fahari, kwamba ni maji ya bwawa tu, na kwamba babake alikunywa maji kama hayo utotoni alipochunga ng'ombe.

Mke wangu alikuwa hajafumba jicho usiku mzima. Akashindwa kujizuia.

"Nani? Huyu? Huyu hajawahi kuchunga hata kuku! Maji ya mfereji yenyewe mamake alikuwa anamchemshia!"

Makena akanigeukia taratibu juu ya mto.

"Na ile chui?" akaniuliza.

Nilijitia kurekebisha blanketi lake miguuni.

Alipona. Mungu ni mwema, wiki moja tu akarudi shule. Lakini hakuniuliza tena hadithi yoyote. Hakunikosea adabu wala hakunibishia, na afadhali angenibishia. Alianza tu kuhakikisha. Nikimwambia kitu, anakwenda kumuuliza mamake. Mama yangu alipofariki kule Nakuru, nilimwambia Makena kwamba nyanyake alimtaja katika maombi yake kila siku. Hilo lilikuwa kweli tupu, mwanangu, naapa. Akasema, "Sawa, Daddy." Baadaye nikamsikia jikoni akimuuliza mamake kama ni kweli.

Sasa ni mama mzima, ana kazi nzuri ya uuguzi Minneapolis, na Krismasi huniletea zawadi. Miezi michache iliyopita niliambiwa kwamba moyo wangu umechoka. Nilikaa na habari hiyo siku nne, kisha nikampigia simu. Nikamweleza. Nikamsikia akivuta pumzi, nikadhani analia.

"Sawa, Daddy," akasema. "Nipe namba ya daktari wako, nimuulize mwenyewe."

Hakuwa na ukali. Alisema kwa upole, kama anavyosema na mgonjwa yeyote. Niliisoma ile namba nikakata simu, na nililia, sikufichi.

Sasa nikwambie kwa nini nimekuketisha hapa. Juzi kwenye nyama choma kule Roseville nilikusikia ukimwambia mwanao kwamba ulikwenda shule pekupeku kilomita kumi na tano. Mwanangu, babako namjua. Alikuwa na Peugeot nyeupe, na ilikuteremsha langoni kila asubuhi. Watu walicheka nami nikacheka, kisha nikamwona mtoto wako alivyokutazama, na nyama nikairudisha kwenye sahani.

Mwambie mtoto wako wewe ni nani. Kama uliogopa ng'ombe, mwambie. Kama hujui kuwasha moto, mjifunze pamoja, na mkiletewa maji, pokeeni. Usimtishe na shida ambazo hukuzipata ili akuheshimu, kwa sababu siku atakapoujua ukweli, heshima hiyo ataichukua pamoja na imani yake. Na kama tayari umemdanganya, nenda ukamwambie leo, kabla mtu mwingine hajamwambia. Mimi nilingoja.

Mungu akulindie nyumba yako, akuzeeshe vizuri, na siku utakapomwambia mtoto wako kwamba unaumwa, akusadiki.