Ganzi ya Nyanya

Enzi zetu kule milimani Werugha, mtu mzima akikuongelesha vizuri bila sababu, ulifunga mdomo kwanza. Huenda alikuwa na uzi mfukoni.

Nyanya ndiye aliyetung'oa meno ya utoto. Vidole vyake vikinuka maziwa ya ng'ombe aliyetoka kumkama, alifunga uzi kwenye jino linalotikisika, kisha badala ya kuvuta, akaniwekea fungu la karoti mbele yangu. "Haya, mama wa sokoni, nipunguzie. Hizi zimenyauka." Karoti zetu zinyauke, na ukungu wote ule? Nilifungua mdomo kutetea bei, na kabla sijamaliza, jino lilikuwa mkononi mwake. Uchungu ulifika baadaye, kama mnunuzi anayekuja soko likifungwa. Kaka yangu hakujali biashara, kwa hivyo yeye aliulizwa majina ya ng'ombe.

Majuzi gego lilininyima chakula wiki nzima, nikaenda kung'olewa hapa Voi. Daktari, kijana mpole, akasema, "Mama, utasikia kama mbu tu."

Mbu. Hapo nikajua nimeuzwa. Akadunga sindano, akangoja, akagusa jino, nikaruka. Akaongeza. Nikaruka tena.

"Hiyo si maji?" nikamuuliza. Akanionyesha chupa. Nikasoma mara mbili.

"Dawa ni nzuri, mama. Ni wewe umejikaza. Ukiogopa hivi, hata kuguswa tu unasikia ni kisu. Ama urudi siku nyingine?"

Nirudi nyumbani mtaani Kaloleni na gego langu na njaa yangu? Nikamgeukia nesi aliyesimama kando yake. "Niulize bei ya karoti."

"Karoti gani, mama?"

"Zozote. Sema zimenyauka."

Akanitazama, akamtazama daktari. "Hizi za Werugha zinazouzwa hapa sokoni? Zimenyauka kweli. Na nyembamba, kama njiti."

Njiti! Nilifungua mdomo nimjibu, koleo likaingia, nikabaki kubishana kwa macho. Nilisikia kuvutwa, uchungu sikuusikia. Daktari akaniinulia gego.

Nje, mtoto aliyesubiri zamu alikuwa ameshikishwa simu yenye katuni. Watoto wa siku hizi hawahitaji hata kudanganywa, wanajidanganya wenyewe kwa kidole. Hakulia, sikatai. Lakini katuni ile ingemtosha mtoto yeyote. Nyanya alijua uongo unaonifaa mimi, na wa kaka yangu ulikuwa mwingine.

Nilitembea nimeshika shavu lililokufa ganzi, na jibu la zile karoti bado liko mdomoni. Wa kumpa, Nyanya, hayupo tena.