Diploma Yangu Kwenye Fomu ya Shule

Nilirudi nyumbani Kolwezi na diploma ya informatiki, yaani kompyuta, niliyoipata Ubelgiji kwa kusoma mchana na kuosha vyombo usiku. Hakuna mjomba aliyenilipia. Nasema hivi kwa sababu watu huuliza, na wasipouliza huwa nawaambia.

Shule ya parokia iliponipa kazi ya kutengeneza fomu ya kuandikisha wanafunzi kwa simu, niliimaliza peke yangu kwa wiki mbili. Walitaka kila mtu aweze kuitumia, hata asiyeona. Nikafumba macho, nikaijaza yote bila kosa, nikaandika kwenye ripoti kwamba kipofu hatapata shida. Kwamba mimi nilijua kila kitufe kilipo, hilo halikunijia akilini.

Siku ya mwisho ya kuandikisha, asubuhi, akaingia ofisini mama mmoja asiyeona, muuza mkate wa mtaani kwetu. Simu yake humsomea maandishi kwa sauti, kwa Kifaransa.

"Tata, simu inasema buto, buto, buto. Buto ya nini?"

Buto ni kitufe, na vitufe vyangu havikuwa na majina. Nilikuwa nimevichorea alama tu, nzuri sana. Nikamwomba simu nimjazie.

"Apana. Mwaka jana balinijazia. Mutoto wangu mwanamuke, balimuandika mwanaume. Shule ikamukatala, akabakia ku nyumba mwaka muzima. Leo mi mwenyewe."

Nikavipa vitufe majina, kimoja kimoja, naye amekaa kwenye kiti cha plastiki. Saa nane akajaribu tena.

"Kuko picha ku mwanzo. Simu haijue ni ya nini."

"Ni mimi, mama, siku ya kupokea diploma."

"Inasaidia kuandikisha mutoto?"

"Hapana."

"Sasa inasimama pa mulango juu ya nini?"

Niliiandikia picha maelezo, maana kanuni ya fomu za wasioona inataka kila picha iwe na maelezo: jina la chuo, daraja nililopata, rangi ya joho, mkuu wa chuo akinipa mkono. Simu ikamsomea yote. Alisikiliza mpaka mwisho, akanipongeza, akaanza kujaza. Alikuwa amebakiza tarehe ya kuzaliwa tu fomu ilipojifunga. Kwa ajili ya usalama, nilikuwa nimempa kila mtu dakika tano tangu aifungue.

"Diploma yako iko murefu, tata," alisema. "Munafunga saa ngapi?"

"Saa tisa."

Ilikuwa saa nane na nusu. Nikafuta picha, kisha nikafuta na zile dakika tano. Akajaza polepole, akirudia kila neno simu ilipolisema. Alipofika penye jinsia alirudia mara tatu, kwa Kiswahili chake: mwanamuke, mwanamuke, mwanamuke. Zikiwa zimebaki dakika chache kufika saa tisa, simu ikasoma kwamba mwanafunzi ameandikishwa.

Picha sasa iko kwenye fremu, ukutani mwa ofisi. Shule zilipofunguliwa, mama alimleta binti yake, akaniomba niuongoze mkono wake mpaka ilipo picha. Akapapasa kioo kwa kidole.

"Hapa ni muzuri," akasema. "Hapa haifungie mutu njia."