Choo Kimejaa, kwa Mwandiko Mzuri

Mimi shule niliionja tu. Nilitoka darasa la pili, na sababu sitaisema, ila kulikuwa na kuku wa mwalimu mkuu. Wacha hiyo.

Binti yangu wa kwanza alikuwa darasa hilohilo la pili, hapa Kibera, miaka ile ya sabini, wakati mwalimu wake aliniita shuleni. Akanifungulia kitabu cha mtoto.

"Mzee, hii ni nini?"

Nikamwambia inaonekana kama kuku amekanyaga wino. Hakucheka.

"Mwandiko usiposomeka kwa mtihani wa kufunga shule, atarudia darasa."

Dawa yake ilikuwa hii: mtoto akiandika vibaya, aandike mara mia, "Mimi ni mvivu." Yaani unataka apende kuandika, halafu unamchapa na kuandika kwenyewe. Mimi napenda chapati, lakini ungenilisha mia za adhabu, leo ningekuwa mtu wa ugali pekee. Mtoto akawa akiona penseli, anajificha chini ya kitanda. Mama yake akasema nimfundishe mimi. Na nini? Mikono yangu ilijua matope. Kazi yangu ilikuwa kukandika nyumba za ploti, zile za kupangisha, hapahapa Kibera upande wa Gatwekera.

Basi Jumamosi nikaenda naye kazini. Ukuta ulikuwa bado mbichi, laini kama uji wa mgonjwa.

"Andika hapa na kidole. Ukikosea, baba anapitisha mkono, imeisha."

Akaandika "a" kubwa kama sufuria. Nikafuta. Akaandika tena. Alikosea siku nzima na hakuna aliyemwita mvivu. Mvivu nilikuwa mimi, maana ukuta haukuisha.

Jumamosi ya nne, mama mmoja mpangaji akasimama na ndoo yake.

"Wewe kasichana, unajua kuandika ama unachezea tu matope ya baba yako?"

"Najua."

"Haya, andika choo kimejaa. Mwenye ploti tumemwambia na mdomo mpaka mdomo umechoka."

Akaandika: CHOO KIMEJAA. Wapangaji wakatoka kusoma, asiyejua akasomewa, wakapiga makofi. Mtoto amesimama pale, matope mpaka kwa kiwiko, anacheka. Tangu siku hiyo ni yeye alikuwa akiniamsha twende kazi.

Mwenye ploti akaja kutoka Kawangware, suti juu, gambuti chini.

"Fundi, nani ameandika huu uchafu kwa nyumba yangu?"

"Ni binti yangu, mzee."

Akarudi nyuma hatua mbili, akalaza kichwa upande, akasoma. "Mwandiko ni mzuri," akasema. "Futa."

Choo hakukitaja.

Mtihani ukafika. Mwalimu akawaambia waandike sentensi moja kuhusu shule yao. Wenzake wakaandika wanaipenda. Wangu akajaza ukurasa mzima kwa zile herufi za ukuta: CHOO CHA SHULE KIMEJAA.

Nikaitwa tena. Mwalimu akakiweka kitabu mbali kidogo, kama kinanuka.

"Mzee, hii ni nini?"

"Mwalimu, hata mimi wa darasa la pili nimeisoma nikiwa mlangoni."

Akakigeuza kitabu juu chini. Nadhani alikuwa anatafuta namna ya kusema haisomeki. Mwisho akachukua kalamu nyekundu: mwandiko, vizuri sana; tabia, achungwe.

Mtoto akaingia la tatu. Choo ndicho kilirudia darasa.